Sabato ya Shemeji

Jumapili, tarehe 2 Machi

Ndiyo, naandika, kwani kuandika ni wizi? Mke wangu kasimama mlangoni na ufagio, anauliza mara ya pili. Nimemjibu kwa ishara, maana daktari kanipiga marufuku kusema nikiwa nyumbani. Anasema koo langu limechubuka kama goti la mtoto, sauti iliyobaki niipeleke kazini tu. Mke wangu aliposikia hivyo alimshukuru daktari kwa mikono miwili. Basi maneno yote niliyozoea kummwagia yeye nayamwaga hapa. Shule nilitoka mapema, kabla hawajafika kwenye mambo ya nukta na mkato, kwa hiyo ukikosa pumzi, pumua mwenyewe.

Kazi yangu ni matangazo. Nina pikapu yenye vipaza viwili juu, kimoja kinatazama mbele, kimoja nyuma, ili hata aliyenikwepa nimfuate. Natangaza misiba, dawa ya panya, mkutano wa Injili, mkutano wa chama, mbuzi aliyepotea. Mtaani wananiita Redio.

Sisi tunasali Jumamosi. Ijumaa jua likizama Sabato imeingia, biashara imefungwa, jiko limezimwa, mpaka jua la Jumamosi lizame. Kwa mke wangu hiyo ni damu. Mimi niliingia kwa sababu nilimpenda msichana wa kwaya, lakini niliingia.

Jana kanisani alisimama shemeji. Shemeji huyu ni kaka mkubwa wa mke wangu, ni mzee wa kanisa, na ni mbunge wetu kwa tiketi ya chama kinachotawala. Kofia tatu, kichwa kimoja. Akatueleza kuna muswada unakuja bungeni: viwanda viende siku saba, na ukipangiwa zamu siku yoyote usipotokea, umejifukuza kazi mwenyewe.

"Hiyo ni kumwambia mtu achague mkate au Mungu!" akasema.

"Amina!"

Akainua mkono wa kulia. "Mkono huu ndio napigia kura. Nikiuinua kuunga mkono muswada huu, ukauke kama kuni!"

Kanisa lililipuka. Mke wangu alilia. Yeye anashona kola kwenye kiwanda cha mashati, na tangu aanze, Jumamosi haendi. Anakwenda Jumapili kusafisha cherehani na kufungasha, yeye na wenzake wa kanisani, na msimamizi anaridhika. Muswada ukipita, kubadilishana zamu hakuna tena. Alinishika kiganja akakibana. "Umemsikia kaka yangu?"

Nilimsikia, bwana. Hata mimi nilisimama nikapiga makofi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mvua. Maji yameingia kipaza cha nyuma, kinakoroma. Mwenye dawa ya panya anasema panya watacheka wafe, na mimi nikamwambia si ndiyo lengo?

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimetangaza kiapo cha shemeji bure. Bure! Niandike vizuri maana haijawahi kutokea. Nilipaki nje ya geti la kiwanda saa ya chakula: "Mbunge wenu amesema mkono wake utakauka kabla haujagusa Sabato!" Wanawake wakatoka na nyuzi mabegani, wakapiga vigelegele. Mlinzi akaniambia niondoke, nikamwambia naondoka ila sauti inabaki.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Katibu wa chama kanikodi. Yule mfupi mwenye kicheko cha puani. Anataka nizunguke mtaa mzima nikisema muswada wa siku saba ni ajira kwa wote. Nimeifanya. Kazi ni kazi.

Mke wangu alinisikia akiwa kwenye cherehani kiwandani, dirisha limefunguliwa. Aliporudi alivua viatu pole pole, dalili mbaya hiyo.

"Ijumaa ulitangaza Sabato. Leo umetangaza chama. Kesho utamtangaza nani, shetani?"

Nikaandika kwenye karatasi: *Mdomo ni wa kukodi. Moyo uko nyumbani.*

Akasoma. "Basi usije ukanilaumu siku moyo nao ukipata mteja."

Nimecheka, lakini kilichoma. Nimejiuliza kama shemeji naye huwa anaambiwa hivi nyumbani kwake.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Shemeji kaja. Kakaa kiti changu, kile chenye mto. Mke wangu alikuwa ndio karudi kiwandani, vidole bado vina vumbi la kitambaa. Hakumpa hata nafasi ya kunywa chai.

"Kaka, kura ni Ijumaa. Utasema hapana?"

"Dada yangu, mimi unanijua."

"Nakujua. Ndiyo maana nauliza."

Akacheka kidogo, akavua kofia ya chama akaiweka magotini, akawa anaizungusha kama usukani. Nikamwonea huruma, nisiseme uongo. Akasema: "Hamjui mambo ya kule ndani. Ukipinga chama kwenye muswada mkubwa, uchaguzi ukija jina lako halirudi. Kanisa lilinipa kura, sawa. Lakini aliyeniweka kwenye karatasi ya kura ni nani? Chama. Nje ya chama mimi ni mwalimu wa zamani mwenye suti."

"Na mimi bila Jumamosi yangu ni nani?" mke wangu akauliza.

"Nipe nafasi. Nimeomba. Mungu amenionyesha njia ambayo sitavunja kiapo."

Mke wangu akamkumbatia. Mimi nikamsindikiza mpaka kwenye gari lake, nikavunja amri ya daktari nikamnong'oneza: "Shemeji, ukimwangusha huyu, utaniona sura ambayo hujaiona."

"Redio," akasema, "we endelea na kelele zako. Siasa niachie mimi." Akanipiga begani.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Mvua. Hakuna kazi. Nimekula, nimelala, nimekula.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Furaha! Shemeji kapiga simu kutoka bungeni, anataka nirekodi tangazo leo leo, liwe tayari kwa Jumapili. Akanisomea maneno, nikayarudia kwenye maiki ndani ya pikapu, madirisha yamefungwa, jasho linatiririka:

"Mheshimiwa wetu ameweka imani mbele ya chama! Jua lilipozama, Sabato ilipoingia, alisimama mbele ya bunge zima akakataa! Mtumishi wa Mungu, mtumishi wa watu!"

Nikamuuliza, "Shemeji, kura si mchana? Mbona jua linazama?"

"Bunge lina mambo yake. We rekodi."

Nikarekodi mara tatu, ya tatu nikaweka na kwaya nyuma. Nikaja kumchezea mke wangu. Amesema, "Atakataa! Nilijua atakataa!" akaanza kucheza na mwiko mkononi. Mimi nikacheza naye. Watu wazima wawili jikoni kama watoto, na nilicheza vizuri.

Ijumaa, tarehe 21 Machi

Sabato imeingia na mimi naandika. Mungu anisamehe au asinisamehe, leo tutaelewana wenyewe.

Mke wangu aliomba ruhusa akatoka kiwandani mapema. Ijumaa ni siku ya maandalio: kapiga pasi nguo za kanisani, kapiga deki, kapika chakula cha kesho akakifunika. Redio iko juu ya kabati, bunge linaendelea. Kura ilipangwa mchana. Mchana ukafika, akasimama mbunge mmoja wa chama cha shemeji kuchangia. Bwana, yule mtu aliongea! Alianza na babu yake alivyokuwa anavaa ngozi. Akaja kwenye sindano, sindano ilivyoletwa, sindano ya mkono, sindano ya cherehani. Upande wa pili wakapiga kelele, "Kura! Kura!" Spika wa bunge akasema mwacheni amalize. Hakumaliza. Akaingia kwenye vifungo.

Mke wangu kila saa anachungulia dirishani. Mvua ilikuwa imekatika, jua limepiga ukuta wa jirani, na ule mwanga unapanda juu, unapanda, umebaki chini kidogo ya bati. Sisi hatuhitaji saa, ule ukuta ndio saa yetu ya Sabato.

"Kwa nini hawapigi kura?" anauliza.

Mwanga ulipogusa bati, yule mtu wa vifungo akasema ahsante akakaa. Yaani kama kaambiwa. Spika akasema sasa tunapiga kura. Na hapo nikamsikia shemeji:

"Mheshimiwa Spika, jua limezama. Kwa imani yangu Sabato imeingia, na kupiga kura ni kazi. Naomba kutoka."

Spika akasema, "Bunge linaheshimu imani ya mheshimiwa."

Wakapiga meza kwa furaha. Nani alipiga meza? Chama chake. Wale wale waliotakiwa kukasirika.

Mke wangu akanyoosha mkono akazima redio. "Sabato njema," akaniambia, uso umetulia kabisa. Kwake sheria ni sheria. Yeye hakusikia kilichofuata.

Mimi nikatoka, eti naenda kufunika vipaza. Nikakaa ndani ya pikapu nikafungua redio ya gari. Kura zililingana. Ndiyo na hapana, sawasawa. Spika akaongeza ya kwake: ndiyo. Muswada umepita. Hapana moja tu ingeuua, na hiyo hapana ilikuwa nje kwenye korido, imevaa suti, inatunza Sabato.

Halafu nikaona flashi yangu yenye tangazo imechomekwa pale pale. *Jua lilipozama.* Nilirekodi jana. Jana! Nani anajua jana kwamba kura ya mchana itapigwa jua likizama? Mtu akikuambia leo kwamba kesho atajikwaa, na akakuonyesha jiwe, huyo hajikwai.

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Hawakumjua shemeji yangu. Yeye kapita zote mbili, na zote mbili kazipita juu ya mgongo wa dada yake.

Nimerudi ndani. Mke wangu kaniangalia. "Usiniambie," akasema. "Mpaka kesho jua lizame. Habari za dunia zingoje." Kisha akaenda kukaa, mikono mapajani, na nikaona vidole vyake vinakunja upindo wa gauni kama anashona.

Jumamosi, tarehe 22 Machi

Nimepiga kelele kichwani kutwa nzima. Ngoja nieleze.

Shemeji aliingia kanisani kachelewa kidogo, ili aonekane. Mchungaji akakatisha wimbo. "Ndugu, mtu huyu jana aliacha kiti cha bunge kwa ajili ya Bwana!" Watu wakasimama. Makofi! Wale wanawake wa kiwandani, wenye zamu za Jumamosi zinazowasubiri kama mamba, wakapiga makofi mpaka mikono ikawa myekundu. Walizima redio kama mke wangu. Wote ni watunza Sabato wazuri, na ndicho kilichowafanya wasijue.

Mimi nilikaa. Nilikaa kwa nguvu, mtu mwingine hajawahi kukaa namna ile.

Baada ya ibada mke wangu alimfuata kwenye ngazi. Watu wamemzunguka, wanamshika koti.

"Kaka, muswada ulipita au haukupita?"

Shemeji akainama karibu naye, akashusha sauti kama mtu aliye kando ya kitanda cha mgonjwa. "Dada yangu, leo ni Sabato. Mambo ya dunia tuyaache."

Nimeishi na watu wengi. Nimeuziwa simu yenye sabuni ndani. Nimetapeliwa na mtu aliyekuwa analia. Lakini sijawahi kuona mtu amechukua kitu ambacho dada yake anakipenda kuliko pumzi yake, akakigeuza mlango, akamfungia nacho usoni.

Mke wangu akashuka ngazi. Njia nzima alitembea mbele yangu. Jua lilipozama akaniambia, "Sema sasa." Nikamnong'oneza yote, na flashi nikamwonyesha. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu: "Alikupigia Alhamisi?"

"Alhamisi."

Akaenda kuosha vyombo. Aliviosha viwili viwili kwa kishindo.

Jumapili, tarehe 23 Machi

Katibu wa chama kaja kuchukua tangazo lizungushwe. Nikamwambia nimelifuta. Akacheka kwa pua.

"Umefuta? Redio, shemeji yako ana akili kuliko sisi wote. Kwetu hakupinga. Kwenu hakufanya kazi Sabato. Sisi tulimtafutia tu mtu wa kuongea mpaka jua lichoke."

"Yule wa vifungo?"

"Yule wa vifungo! Alikuwa na karatasi za ziada za zipu." Akajipiga paja. "Sasa tatizo liko wapi? Kila mtu kapata chake."

"Mke wangu kapata nini?"

Akaacha kucheka. Akasema sheria ni ya nchi nzima, si ya mke wa mtu. Nikamwambia nchi nzima siijui, sijawahi kulala nayo kitanda kimoja. Nikamwambia atoke kwenye kivuli cha pikapu yangu. Kumbuka mimi ni mtu ambaye sijawahi kumfukuza mteja, hata yule aliyetaka nitangaze kifo cha mkwe wake kabla hajafa.

Jumatano, tarehe 26 Machi

Zamu zimebandikwa kiwandani. Mke wangu kapangiwa Jumamosi, kuanzia wiki ijayo. Msimamizi kamwambia, "Mama, mimi sina neno na wewe. Ni sheria. Muulize kaka yako."

Ijumaa, tarehe 4 Aprili

Mke wangu kaja na mkasi wake, aproni yake, na kile kimto anachokalia. Kavipanga mezani. Hakuna aliyemfukuza bado, kavileta mwenyewe.

Nikamwambia (kwa sauti, daktari akafie mbele): "Nenda kesho. Mungu anakujua. Kaka yako kamdanganya na bado anapigiwa makofi, wewe utakwenda kwa sababu ya watoto wetu, nani atakuhesabia?"

Akasema, "Mume wangu, huyo unayemtaka niwe, tunaye mmoja tayari kwenye ukoo. Anatosha."

Nilitaka kubishana. Nimebishana na polisi, nimebishana na mvua. Badala yake nikachukua kimto chake nikakiweka kwenye kiti changu.

Jumamosi, tarehe 5 Aprili

Mke wangu kaenda kanisani. Wenzake kadhaa wameenda kiwandani, wameinamisha vichwa. Hakuna aliyewasema, na mimi siwasemi.

Jumapili, tarehe 6 Aprili

Asubuhi alivaa akaenda kazini kama Jumapili zake zote. Geti likafunguliwa kidogo, mlinzi akamwambia jina limeondolewa, geti likafungwa. Amerudi akaanza kupiga deki nyumba iliyokuwa safi.

Shemeji kaja, suti mpya, Biblia kwapani. "Nimesikia. Nimekuja tuombe."

"Hapa hakuna mbunge wa kuombewa," nikasema. Koo liliniuma kama nimemeza kijiko, nikaongeza sauti. "Ulimtafutia yule bwana vifungo au alikuja navyo mwenyewe?"

"Redio, tulia. Kiapo changu sikuvunja. Nilisema sitainua mkono kuunga mkono. Niliuinua?"

"Hukuuinua. Uliuweka mfukoni!"

"Nikiwa ndani ya chama naweza kuwasaidia. Nikitupwa nje nawasaidia na nini? Hata Danieli alifanya kazi kwa mfalme."

Hapo mke wangu akaweka kitambaa cha deki chini. Akafuta mikono kwenye gauni. "Kaka, Danieli alilala na simba. Wewe simba uliwaletea sisi." Akagusa kola ya suti yake mpya. "Sabato yangu imeondoka na kazi yangu. Yako imekupa nini?"

Shemeji akaangalia viatu. Nafikiri ni aibu.

"Mungu atafungua mlango," akasema mwisho.

"Basi anza na huo hapo," mke wangu akasema, akamwonyesha.

Akatoka. Mke wangu alisimama akiangalia pale alipokuwa, mtu aliyembeba mgongoni utotoni, na ndipo akalia. Mimi sikuwa na mzaha hata mmoja. Nilitafuta.

Jumatatu, tarehe 14 Aprili

Sasa tumejua alipewa nini. Imetangazwa redioni: shemeji ni naibu waziri. Wa kazi. Wizara ya kazi, msikilize vizuri! Katibu kanipigia, eti nisahau yaliyopita, nikatangaze sherehe ya kumpongeza, nitaje bei ninayotaka. Nimekataa. Nilipokata simu nikahesabu sarafu za mfukoni, maana nimekataa chakula na nyumbani sasa mshahara ni wa mdomo wangu peke yake. Mke wangu kaazima cherehani ya jirani, anashona sare za shule barazani. Akishona, anakanyaga ile pedali kama kuna mtu chini yake.

Jumatano, tarehe 16 Aprili

Wewe unayesoma, sogea, tufanye biashara. Mimi sitoi ushauri, natoa dili.

Uchaguzi unakuja. Atakuja kwako mtu, mfuko huu kitabu cha Mungu, mfuko ule kadi ya chama, na katikati tabasamu. Wa dini yangu au ya kwako, sijali, koti ni la fundi mmoja. Usimuulize kama anaamini, atakujibu mpaka ulie. Muulize mbele za watu: "Siku ile ya kura ulikuwa umekaa wapi, na mkono wako ulifanya nini?" Hayo tu. Akianza habari za babu yake na ngozi, muulize tena. Akisema leo si siku ya mambo ya dunia, muulize kesho yake.

Ukifanya hivyo kwa sauti, watu wakasikia, njoo kwangu na shahidi mmoja. Nitakutangazia harusi ya mwanao bure, mtaa kwa mtaa, na kwaya nyuma. Huna mwana, nakutangazia biashara. Huna biashara, nakutangazia wewe mwenyewe, kwamba upo na una macho. Lakini ukimpigia makofi bila kuuliza, siku mbuzi wako akipotea usinipigie simu, nitapita mlangoni kwako kipaza kimezimwa.

Sisaini karatasi. Nipe mkono, tena wa kulia, na uuinue kwanza nikuone.